Namna ya Kulipia Mashimo: Mwongozo wa Kufunga Usukani wa Gemu

Mkazi wa Dar es Salaam hutumia asubuhi yake kukwepa mashimo, na jioni huyakwepa yale yale akitokea upande wa pili. Akifika nyumbani anavua viatu, anakunywa chai, kisha anakaa mbele ya kompyuta na kuwasha kifaa alichokinunua kwa pesa nyingi ili kimrudishie mashimo mikononi. Mtu wa namna hiyo msimwombee dua. Ni mwenzangu, na mwongozo huu ni wake.

Kifaa chenyewe ni usukani wa gemu za magari wenye mota ndani. Wajuzi huuita wa fosi fidbaki. Mimi nauita usukani unaojibu. Ukiuzungusha unakupinga, ukipanda ukingo wa barabara unatetemeka, ukigonga ukuta unakuchapa. Si kitu kipya: Microsoft ilikuwa na wa kwake tangu 1998. Siku hizi kuna wa meno, kama Logitech G29 iliyotoka 2015. Kuna wa mkanda, kama Thrustmaster T300. Na kuna ule uliofungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, kama wa Fanatec na Moza, ambao bei yake muuzaji huitaja akiangalia pembeni.

Kabla ya hapo huduma hii ilitolewa bure. Mjomba wangu aliendesha lori la Bedford lisilo na pawa kwenye barabara ya kusini, enzi ambazo Rufiji ilivukwa kwa pantoni, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kila jiwe kati ya Kibiti na Lindi lilimfikia mikononi bila makato. Kisha ikaja pawa steringi, ikatuondolea barabara mikononi, tukashukuru. Sasa tunainunua upya, ndani ya boksi, ikiwa na waranti ya mwaka mmoja. Biashara ni hiyo: mmoja akuondolee kero, mwenzake akuuzie.

Haya, tuanze.

Hatua ya kwanza: Tafuta meza usiyoipenda

Usukani huja na vibanio vya kuubana kwenye meza. Kitabu cha maelekezo husema tu kwamba meza iwe imara. Hakisemi kwamba meza imara nyumbani kwako ni moja, ni ya mninga, ililetwa na ukoo wa mkeo siku ya harusi, na kwamba vibanio vitaiachia alama zinazofanana na meno ya mbwa. Ukikosa ujasiri, tumia meza ya plastiki. Kona ya kwanza tu, meza nzima itakata kona pamoja nawe.

Zikifuata pedali, mambo yananoga. Pedali ya breki ya G29 imewekewa kipande cha raba ndani ili iwe ngumu, kwa kuwa dereva wa mashindano huipima breki kwa nguvu ya mguu zaidi ya umbali mguu ulioshuka. Wazo zuri sana. Ila wewe umekaa kwenye kiti cha ofisini chenye vigurudumu. Ukikanyaga, gari linasimama na wewe unaondoka kinyumenyume kuelekea jikoni. Breki zimeshika barabara. Aliyeshindwa kusimama ni dereva.

Dawa ipo. Kila kigurudumu cha kiti kivishe kiatu cha zamani. Vigurudumu ni vitano, kwa hiyo kuna kiatu kitakachobaki mjane. Kati ya pedali na ukuta weka mfuko wa mchele wa kilo 25, pedali zisiteleze kwenye vigae. Mchele hauharibiki, unaendelea kupikwa kama kawaida, na kadiri unavyopikwa ndivyo breki zako zinavyolegea. Ikifika tarehe 28 ya mwezi, endesha kwa tahadhari.

Hatua ya pili: Washa, kisha kaa mbali

Waya wa kompyuta uchomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, usiupitishe kwenye kigawanyio kilichokwisha kuzidiwa na kipanya, kibodi na feni. Adapta ya umeme nayo ichomeke. Bila adapta mota haina kazi, na utakuwa umenunua sahani ya bei ghali. Kama usukani wako una kiswichi cha kuchagua aina ya mashine, kiangalie mwisho kabisa, baada ya kupoteza jioni nzima ukidhani kompyuta imekufa. Sisi sote tulifanya hivyo, na hakuna sababu wewe upewe njia ya mkato.

Kisha pakua programu ya usukani, ile inayoitwa kiendeshi. Itamaliza bando la wiki. Ivumilie, kwa sababu nyumbani mwako ndiye dereva pekee anayejua kazi yake.

Ukishawashwa, usukani hujipima: unazunguka wenyewe hadi mwisho wa kushoto, unarudi hadi mwisho wa kulia, kisha unasimama katikati. Wakati huo usiushike, na usiache kikombe karibu. Hujipima pia kila umeme unapokatika na kurudi, kwa sababu kompyuta ya mapajani ina betri na usukani hauna. Hili sikulijua. Usiku mmoja mama mkwe alikuwa amekaa peke yake sebuleni gizani, akisubiri umeme. Ukarudi. Kabla hajaona kingine chochote, aliona usukani usio na mtu ukikata kona kali kushoto, kisha kulia, kisha ukatulia na kumwangalia. Alisoma Ayatul Kursi mara tatu, akahamia chumbani, na mpaka leo kifaa hicho hukifunika kwa kanga kila anapokuja. Kanga hiyo nayo ina ujumbe, lakini hauhusiani na teknolojia.

Baada ya kujipima, tafuta mtu wa kujaribu. Mimi nilimpa mpwa wangu wa darasa la saba. Alicheza nusu saa, akafungua kila ukurasa unaofunguka, akabonyeza kila kinachobonyezeka, akasema, "Mjomba, kiko sawa." Nikaamini.

Hatua ya tatu: Kubalianeni kuhusu nyuzi

Usukani wa gari la kawaida huzunguka takriban mara mbili na nusu hadi tatu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana usukani wa gemu hupewa nyuzi 900, yaani mizunguko miwili na nusu. Gari la Formula 1 halitumii hata nusu ya hizo. Lori linazitaka zote na kuomba nyongeza. Kazi yako ni kuhakikisha gemu na kiendeshi vinataja namba moja. Tazama mikono ya dereva wa gemu kwenye kioo: wewe ukigeuza robo, naye ageuze robo. Akigeuza nusu, hamjaelewana, na kwenye kona mtaingia majini kila mtu kwa njia yake.

Hatua ya nne: Ongeza nguvu mpaka usisikie kitu

Hapa ndipo penye utamu wa kazi. Ndani ya programu kuna kipimo cha nguvu, kutoka asilimia 0 hadi 100 na kupita. Sote tunaanza na 100. Mtu hawezi kutoa pesa yote ile halafu aridhike na 60 kama anayenunua nusu kilo ya nyama.

Sasa tuongee ukweli kuhusu nguvu hizo. Usukani wa meno kama G29 hutoa takriban nyutoni-mita 2. Ukitaka kujua ni kiasi gani, shika rula ya sentimita 20 ncha moja, uning'inize pakiti ya sukari ya kilo moja ncha ya pili. Mota za kufungwa moja kwa moja huanzia karibu nyutoni-mita 5, na za juu hufika 25 na kupita. Kwenye rula ile ile hiyo ni ndoo ya maji ya lita 10 na zaidi. Huko si kuendesha tena, ni mieleka, na mshindi anajulikana.

Gemu hupiga hesabu ya nguvu zinazopita kwenye matairi ya mbele na kuituma kwa mota. Likiomba 80, mota inatoa 80. Likiomba 100, inatoa 100. Likiomba 140, inatoa 100. Likiomba 170, inatoa 100 ile ile, maana ndiyo iliyonayo. Kona ya kawaida, kona kali na kona inayokupeleka kwenye miti, zote zinakuja mikononi na uzito mmoja.

Kama umewahi kulala jirani na ngoma ya kigodoro unaijua hali hii. Mwenye spika anapandisha sauti hadi mwisho, kisha anapandisha tena kwenye kikuzi. Mwanzoni ulisikia ngoma, kinanda na mwimbaji. Sasa unasikia mkoromo mmoja mpana, na kwenye mkoromo huo ngoma ni kinanda na kinanda ni mwimbaji. Wajuzi wa usukani huuita klipingi. Mwenye spika huuita mziki mnene.

Gemu la Assetto Corsa, lililotengenezwa na Waitalia wa Kunos Simulazioni na kutoka rasmi 2014, lina, pembeni mwa kioo, kisanduku kidogo cha pedali chenye vimstari vinavyopanda na kushuka. Kimoja ni cha nguvu ya usukani, na kikizidiwa kinageuka chekundu. Watu wa busara hupunguza nguvu mpaka wekundu uonekane mara mojamoja tu, wakipanda ukingo au wakigonga. Mimi kwa wiki ya kwanza nilidhani wekundu ni pongezi.

Hatua ya tano: Tia chumvi

Ili uelewe unachokipoteza kwenye mkoromo, tazama vile vigurudumu vya kiti chako kabla hujavivisha viatu. Ukisukuma kiti, kila kigurudumu hujigeuza chenyewe kufuata njia. Tairi la mbele la gari nalo linataka kunyooka. Unapokata kona unapigana na hamu hiyo, ndiyo maana usukani unakuwa mzito. Kisha, tairi likikaribia kushindwa kuishika lami, uzito unapungua. Kwa nukta chache usukani unakuwa mwepesi, kama mtu aliyekuwa anakubishia ghafla akanyamaza. Wepesi huo ndio habari kubwa kuliko zote usukani unazoweza kukupa: unakwambia kwamba hili gari linaondoka. Ukiwa na asilimia 100 hauji. Unafika kwenye miti ukiwa umeshika kitu kizito na imani kamili. Sikio la kufa halisikii dawa, hata kama dawa imelipiwa.

Hiyo ni habari ya kweli ya matairi. Chini yake gemu limekuwekea viungo vya hiari: mtetemo wa kingo, mtetemo wa barabara, mtetemo wa kuteleza. Hivi mwanzo weka sifuri, kisha onja kidogokidogo. Nasema hivyo kwa wajibu tu, najua utaweka vyote 100. Utaendesha kwenye lami mpya kabisa na mikono yako itakuwa kwenye mashimo ya Mbagala.

Kuna pia kipimo kiitwacho nguvu ya chini. Usukani wa meno huwa na usingizi pale katikati. Minong'ono midogo ya gemu haitoshi kuyaamsha meno yake. Kipimo hiki huupandisha mnong'ono ili usikike. Ukikizidisha, usukani utatikisika wenyewe kwenye barabara iliyonyooka, kushoto kulia, kushoto kulia, kama abiria ambaye konda hajamrudishia chenji.

Hatua ya sita: Chagua barabara mbaya

Usianze na lami. Lami hata Bagamoyo ipo. Tafuta vumbi la mashindano ya Safari Rally. Safari Rally ilianza 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilitoka kwenye mashindano ya dunia baada ya 2002, ikapangiwa kurudi 2020, corona ikaifuta. Lakini mwaka huo huo likatoka gemu la mashindano hayo ya dunia, WRC 9, na Kenya imo. Kwa hiyo vijana wa Ulaya waliokuwa wamefungiwa ndani walitangulia kwenye vumbi letu, wakiwa na soksi miguuni, mwaka mmoja kabla magari yenyewe hayajarudi Naivasha mwaka 2021. Nilimsimulia mjomba kwamba kuna watu wanalipa ili wateleze kwenye tope la Afrika Mashariki. Aliuliza wanabeba saruji au korosho.

Hatua ya saba: Toa dole gumba

Hatua hii haina kejeli. Wenye malori ya zamani walikuwa na sheria moja: kwenye barabara mbaya dole gumba halizungushwi ndani ya usukani. Unalilaza juu ya ukingo, sambamba na vidole vingine. Gurudumu la mbele likigonga jiwe, usukani usio na pawa unageuka kwa ghafla, na mikono ya chuma ya katikati inapita na dole lako. Mjomba alijifunza hilo akiwa bado taniboi, kwa kutazama mkono wa dereva wake.

Na usukani wa mota kubwa una tabia hiyo hiyo. Gonga ukuta wa gemu ukiwa na nyutoni-mita 15, mota itatii bila kujua kwamba ukuta ni wa picha. Dole ni la kweli. Jinsi ya kumweleza daktari kwamba umevunjika ukiwa sebuleni, umevaa msuli, kwenye kona ya tatu, ni kazi nitakayokuachia mwenyewe.

Hatua ya nane: Rekebisha, usiendeshe

Sasa uko tayari kwa mchezo wenyewe, ambao si wa magari. Ni wa kurekebisha. Unaendesha dakika mbili, unasimama, unashusha nguvu kutoka 72 hadi 70, unaendesha dakika mbili, unairudisha 71. Unatazama video ya Mjerumani, unanakili namba zake. Unatazama ya Mbrazili, unazifuta. Mke akikuuliza kama umeshinda mashindano, unamjibu kwamba bado hujaanza, na unamjibu kwa hasira.

Mimi nilikuwa na sababu. Gari langu, BMW M3 E30 ya mashindano ndani ya Assetto Corsa, lilikuwa linavuta kushoto. Kidogo tu, lakini kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka ya Monza, ninakojaribia siku zote, ilinibidi niushikilie usukani kulia kidogo ili niende mbele. Nilijua tatizo ni usukani. Nikaupima upya mara tisa. Nikabadilisha nyuzi, nikapunguza nguvu ya chini, nikafuta kiendeshi na kukipakua tena, bando lingine likaenda. Nikakaza vibanio mpaka mninga ukalia. Wiki tatu.

Jumamosi moja akaja mjomba. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanywa chai, akafunua kanga, akauliza hiki ni nini. Nikamkalisha. Viatu vitano vilimshangaza kuliko kompyuta.

Aliuzungusha usukani kushoto na kulia, taratibu, kama anayesalimiana na mtu asiyemfahamu. Akaweka gia. Aliingia Monza kwa kilomita 60 kwa saa, upande wa kushoto wa barabara kama sheria inavyotaka, akauliza mbona hakuna trafiki. Madole gumba yote mawili yalikuwa nje. Kwenye ile barabara ndefu akalegeza vidole, usukani ukabaki peke yake viganjani. Akaangalia mbele. Nikaona pua ya gari ikianza kusogea.

"Mjomba," akaniambia, maana sisi tunaitana hivyo, "hili gari linavuta kushoto. Limepigwa alaimenti lini?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba huu ni usukani wa gemu, kwamba una meno, kwamba nguvu yake nimeiweka 71, kwamba kuna Mjerumani—

"Sikuulizi habari za usukani. Usukani mzima huu. Nakuuliza habari za gari."

Nilisimamisha gari na kufungua ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, wa matengenezo ya gari lenyewe: upepo wa matairi, springi, pembe za magurudumu. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limenyooka. La kushoto lilikuwa limegeuzwa litazame nje, kwa kiasi ambacho fundi mwenye akili hawezi kukifikia hata kwa kusukumwa. Na gemu, kwa utiifu wake, lilikuwa limeyahifadhi matengenezo hayo na kunirudishia kila nilipokwenda Monza. Nikakumbuka nusu saa ya mtoto wa darasa la saba na kila kinachobonyezeka.

Usukani ulikuwa umeniambia kila usiku kwa wiki tatu, bila kuchoka, kwa lugha aliyoisikia mzee wa Bedford katika barabara moja. Mimi nilikuwa naurekebisha ili unyamaze.

Kwa hiyo hatua ya tisa, ambayo ingefaa kuwa ya kwanza: kabla hujagusa namba yoyote, legeza vidole, nyoosha njia, na usikilize gari linataka kwenda wapi.

Nililinyoosha gurudumu. Mjomba akamaliza mzunguko wake, akaegesha pembeni kwa heshima zote, akaomba nauli ya kurudi Temeke. Nikampa na ya ziada. Fundi wa alaimenti angenitoza zaidi, na asingenywa chai.